Shoka la Barafu Si Jembe

Siku ile naikumbuka, mwanangu Jabiri, na leo umenilazimisha niikumbuke tena. Wanasema hasira hasara. Basi leo nimeikubali hasara. Nimekupigia simu mara nne hupokei, ndipo nikatafuta miwani yangu nikakaa hapa barazani Makorora nikuandikie. Ukimaliza kusoma wape na vijana wenzako wa hapo dukani Moshi, mnakokodisha vifaa vya mlimani, maana naona mlikuwa mnacheka wote.

Picha uliyoweka kwenye status yako nimeiona. Binti wa watu, mwanafunzi, kimo chake hakikufikii begani, ndiyo mara yake ya kwanza kwenda kupanda barafu ya Kilimanjaro. Umempa shoka la barafu refu, zito, bega lake limeshuka upande mmoja kwa kulibeba tu, na chini umeandika, "Mdogo lakini tumempa la kiume." Ukaongeza na vile vikatuni vya kucheka. Umesema anapanda Jumamosi. Leo ni Alhamisi. Astaghfirullah! Ndivyo nilivyokulea hivyo?

Tulia nikueleze jambo ambalo sijapata kukueleza, na sikukueleza kwa sababu naona haya.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, fundi wa mipini katika karakana ya shamba la mkonge, nje kidogo ya Muheza. Jembe, shoka, sululu, vyote nilivitia mpini mimi. Watu walitoka vijijini kuniletea majembe yao na kuwaacha mafundi wa karibu nao. Nilisifiwa mapema, mwanangu, na sifa za mapema zikanivimbisha kichwa. Nikaanza kuamini kwamba kila kitu chenye chuma juu na mti chini nakijua.

Sasa kulikuwa na Zuhura, binti ya shangazi yangu wa kule Mwera. Unamjua, ndiye yule shangazi yako anayekuja kila Idi. Mwembamba, mfupi, tukimtania kwamba akibeba ndoo kichwani, ndoo ndiyo inayoonekana inatembea. Lakini alikuwa na moyo mgumu. Alikwenda Moshi akiwa msichana mdogo, akajifunza kazi ya kuongoza wageni mlimani, kazi ambayo siku zile wanawake walioifanya hawakujaza hata mkeka mmoja. Alikuwa amebakiza jaribio moja tu, kupanda ukuta wa barafu kule juu mbele ya wakubwa wake. Akifaulu, anakuwa kiongozi kamili. Hakutaka kitu kingine duniani.

Alikuja likizo na mashoka mawili ya barafu. Aliazimwa na kiongozi wake mkuu, Mzee Yakobo, Msambaa wa Lushoto. Mzee alimwambia ayazoee yote mawili nyumbani, achague moja, jingine arudishe. Zuhura akaja nayo karakana, akayaweka juu ya meza yangu mbele ya mafundi wenzangu.

"Kaka Shomari," akasema, "wewe ndiye fundi. Nitazamie. Mimi naona hili dogo linanikubali."

Wewe mashoka hayo unayakodisha, lakini barua hii inaweza kumfikia mtu ambaye hajapata kuyaona. Kichwani yana ncha iliyopinda, ya kuchoma barafu, na upande wa pili yana bapa dogo kama kijembe. Chini ya mpini kuna mwiba. Moja lilikuwa na mpini mrefu wa mti na kichwa kizito haswa. La pili lilikuwa fupi, mpini mwembamba wa alumini, na kichwa kidogo cha chuma cha pua.

Mimi nilipoliona lile bapa tu, basi, nikajiona nimefika nyumbani. Hili si jembe hili? Na jembe nalijua. Jembe jepesi linakutesa, kila pigo unalisukuma kwa nguvu zako. Jembe zito unaliinua, unaliachia, linajiangukia lenyewe na kujizika. Mtu mdogo ndiye anayehitaji zito zaidi, ili uzito umsaidie. Hesabu hiyo ni ya kweli kabisa, muulize mkulima yeyote wa Muheza. Nikalishika lile jepesi kwa vidole viwili, nikalionyesha kwa wenzangu.

"Hiki ni kijiko cha uji," nikasema. Watu wakacheka. Zuhura akataka kusema tena, nami nikamkatiza kwa methali. "Mchagua jembe si mkulima, dada."

Mbele ya wanaume wanane wanaocheka, ungekuwa wewe ungesema nini? Akachukua lile zito. Na mimi, mjinga niliyekamilika, nikampigia msasa mpini na kuupaka mafuta ya nazi, nikamkabidhi kama namkabidhi zawadi.

Hapa nikuambie kitu kidogo. Methali ile haina kosa. Wazee waliitunga kwa ajili ya mvivu anayesingizia jembe. Zuhura hakuwa mvivu. Niliichukua methali ya wazee nikamzibia nayo mdomo mtu aliyekuwa akisema kweli, na kila nikilifikiria hilo najichukia hata leo.

Wiki tatu zikapita. Siku moja saa nne asubuhi akaingia karakana mzee mrefu, kavaa koti la baridi katika joto la Muheza, shoka lile mkononi. Kumbe ndiye Mzee Yakobo, ameshuka basi hivi punde kutoka Moshi.

"Shikamoo mzee," nikasema.

Hakuitika. Ulishawahi kumwamkia mzee asikuitikie? Mafundi wote waliacha kazi.

"Wewe ndiye binamu yake Zuhura? Fundi?"

"Ndiye mimi."

"Vaa hizi." Akanipa glavu nene za sufu. Akanipa na shoka. Akanionyesha boriti iliyokuwa juu ya kichwa changu. "Piga pale. Mahali palepale pamoja, mara thelathini. Kwa mkono mmoja."

Nikapiga. Kumi za mwanzo nilizipiga kwa maringo. Ilipofika ya kumi na tano bega likaanza kuwaka moto. Ya ishirini nikapiga pembeni ya alama, glavu ikateleza juu ya ule mpini niliousafisha kwa mikono yangu na kuupaka mafuta. Ya ishirini na nne mkono ukashuka wenyewe, na shoka nusura linipasue goti.

"Na wewe una mkono wa fundi," Mzee Yakobo akasema. "Na umesimama sakafuni. Jembe unaliinamia, kijana. Ardhi inalivuta, nusu ya kazi linaifanya lenyewe. Ukuta wa barafu uko mbele ya uso wako. Kila pigo unaliinua juu ya kichwa, na kila pigo uzito wote ni wako. Ulimtwisha mtoto yule mzigo, ukamwambia ni msaada."

Ndipo akanieleza. Zuhura alipanda vizuri nusu ya ukuta. Mkono ukamchoka. Pigo moja halikuingia sawasawa, akalivuta shoka alirudie, likamshinda, akateleza. Kamba ilimshika, alhamdulillahi, lakini shoka lilikuwa limefungwa kwenye kifundo cha mkono wake, likamrudia. Ncha ilimwingia kiganjani ikakata mishipa. Atapona, daktari kasema, lakini vidole viwili vya mkono wa kulia havitakunjika tena. Na asiyeweza kukunja vidole hashiki kamba ya mgeni. Kazi ile imekwisha.

"Aliponionyesha shoka hili siku ya kwanza, alijisifu kwamba binamu yake fundi ndiye aliyemchagulia," mzee akasema. "Baada ya kuanguka nikamuuliza tena. Akasema amechagua mwenyewe. Nami nina kosa langu, nilimwachia apande nalo asubuhi ile, ilhali ningeweza kumzuia. Sasa niambie kweli. Mwenyewe alitaka lipi?"

"Lile jepesi. Alisema linamkubali."

Akalichukua shoka mkononi mwangu. "Basi pale mezani fundi alikuwapo," akasema, "na hakuwa wewe."

Sikupata kutukanwa hivyo tena maishani, na sikupata kutukanwa kwa haki hivyo. Lakini yule mzee alikuwa muungwana. Alipomaliza kuniosha, alivuta kigoda akakaa, akanifundisha. Ninachokuambia sasa ni chake, mimi nimekitunza tu.

Kwanza, Jabiri, futa hilo neno "la kiume". Shoka halina jinsia. Lina urefu, lina uzito, lina unene wa mpini, na vyote vitatu hupimwa kwa mwili wa anayekwenda nalo. Mwambie binti asimame wima, alishike shoka penye kichwa cha chuma, mkono ushuke ubavuni. Mwiba wa chini ufike kwenye kifundo cha mguu. Ukigusa sakafu, ni la mtu mwingine. Mpini aushike akiwa amevaa glavu zake mwenyewe, vidole vizunguke vikutane na dole gumba. Halafu aliinue juu ya kichwa apige hewani mpaka achoke, nawe usimame hapo usubiri, usicheke.

Ila usikimbilie jepesi kupita yote ukadhani umetubu. Lipo ambalo hata kichwa chake ni cha alumini. Hilo kwenye barafu ngumu linadunda na ncha inapinda, mwenye mkono mdogo analipiga mara tatu mahali ambapo lingetosha pigo moja. Mtafutie lenye mpini mwepesi na kichwa cha chuma cha pua, fupi. Kama dukani kwako halipo, nenda kaazime kwa jirani, mshindani wako huyohuyo, umwombe kwa adabu. Na kama halipatikani Moshi nzima, binti asipande Jumamosi. Mlima hauhami.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiona unacheka kitu kilichomlemea mtu, ujue uzito wake hujauonja. Na aliye mdogo akikuambia kitu hiki kinanikubali au hakinikubali, hiyo ndiyo elimu ya mwili wake, ambayo wewe huna hata ukiwa fundi miaka hamsini. Muulize kabla hujamshauri. Akikujibu, msikilize.

Zuhura alinisamehe zamani, kabla hata sijamwomba. Akija Idi hunipa mkono, vidole vitatu vinanishika, viwili vinabaki wima. Huuliza habari zako tu, unaendeleaje na duka.

Sasa ondoka hapo ulipokaa, mwanangu, umfuate binti yule popote alipofikia, umwombe radhi mbele ya haohao mliocheka nao. Radhi zangu unazo tangu ulipozaliwa, siwezi kukunyima kwa hasira ya siku moja. Mwenyezi Mungu akufungue masikio, akubarikie mikono na riziki yako. Na yule binti, ambaye hata jina lake silijui, ampandishe kwa salama na amshushe kwa salama, na vidole vyake vyote kumi. Amina.