Jina la Mahali

Siku hizi watoto huambiwa kwamba neno la kutaja kitu ni nomino. Wakati ule tulisema jina tu, na neno hilo lilinisumbua tangu siku ya kwanza, kwa sababu mtoto wa darasa la tatu ukimwambia "nitajie jina" anakutajia lake na la baba yake, kisha anakaa.

Nilikuwa msichana wa kutoka Mbeya, nimetoka chuoni juzijuzi, nikapangiwa shule ya kijiji kipya huko Ufipa, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Chala. Kijiji chenyewe kilikuwa hakijatimiza mwaka. Watu walikuwa wameletwa kwa malori kutoka vitongoji vyao vya vilimani, wakaonyeshwa viwanja vilivyopangwa kwa mistari kando ya barabara, wakaambiwa wajenge. Mvua ilipoanza baadhi ya nyumba zilikuwa bado hazijaezekwa. Darasa langu lilikuwa na kuta za matofali mabichi na paa la nyasi, halina mlango, na upepo ukivuma watoto walisogeleana kwenye magogo waliyokalia kama vifaranga.

Nilianza na vitu vya kushika. Nilileta jembe, kikapu, jiwe, na siku moja kuku, ambaye alitufungia somo kwa kutoka nje na nusu ya darasa nyuma yake. Mwalimu mkuu hakutaka Kifipa kisikike darasani, lakini mimi mwenyewe Kiswahili nilijifunzia shuleni, kwa hiyo niliwaacha wanong'onezane kwanza kwa lugha yao, kisha watafute neno la Kiswahili. Jina, niliwaambia, ni neno tunalotumia kutaja mtu, mnyama, kitu au mahali.

"Na njaa, mwalimu?" aliuliza msichana mmoja aliyekaa karibu na ukuta. "Njaa ni jina?"

"Wewe unaonaje?"

"Haishikiki."

"Lakini unaijua?"

"Naijua."

"Basi ina jina."

Alifikiri kidogo, akakubali. Alikuwa mdogo wa umbo, mwepesi wa kuelewa kuliko wote, na akishaelewa alikuwa na tabia ya kuwageukia wenzake na kuwaeleza upya, kana kwamba mimi nimeacha kitu. Mama yake alifariki alipomzaa. Alilelewa na bibi yake, mama wa baba yake, na sasa alikaa kwa baba na mama wa kambo katika mstari wa pili wa nyumba. Kuhusu huyo bibi sikujua lolote zaidi. Nilikuwa mgeni, na yapo mambo ambayo kijiji hakimwambii mgeni.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Bibi alipanda lori pamoja na wengine siku ya kuhama. Alikaa kijijini wiki chache, kisha asubuhi moja akachukua jembe lake na kuku wake akarudi alikotoka, kwenye nyumba yake na matuta yake ya ulezi. Kurudi kulikuwa kumekatazwa, na majirani wote walijua. Hakuna aliyesema.

Tulifika kwenye majina ya mahali siku ambayo katibu wa kata alikuja shuleni kuangalia shamba letu la mahindi. Mvua ilimkatiza akaingia darasani kwangu, akaniomba ruhusa, akakaa kwenye gogo la nyuma na kofia yake magotini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana wa Kirando, wa rika la kaka yangu, na kila alipotoka kwao ziwani alituletea walimu dagaa. Watoto hawakumwogopa.

Walitaja Sumbawanga, Chala, Kasanga. Walitaja kisimani na sokoni, tukabishana kidogo juu ya hilo. Kisha nikawaambia kila mmoja atunge sentensi yenye jina la mahali. Msichana yule alinyoosha mkono kabla sijamaliza kusema.

"Bibi anakaa," alisema, kisha akataja jina la kitongoji chao cha zamani. Sitaliandika hapa, kwa kuwa ukoo wao bado upo.

Darasa lilinyamaza. Nilidhani wanasikiliza.

"Vizuri sana. Jina la mahali ni lipi hapo?"

Akalitaja tena, kwa sauti zaidi.

Katibu aliuliza kutoka nyuma, kwa upole kabisa, "Anakaa huko, au alikaa?"

Mtoto aligeuka. Alidhani ni swali la somo, na katika masomo hakupenda kukosea. "Anakaa," alijibu. "Jumapili nilimpelekea chumvi."

"Vizuri," alisema katibu. Mvua ilipopungua alisimama, akanishukuru, akaondoka.

Wakati wa mapumziko mwalimu mkuu aliniita pembeni. Alikuwa ameshasikia. "Hukujua?" aliniuliza, na aliponitazama usoni hakuuliza tena.

Kesho yake mchana tulikuwa tunapalilia shamba la shule. Moshi ulionekana kwenye mkunjo wa kilima, ukiwa mnene na mweusi wa nyasi za paa. Watoto waliacha majembe. Hakuna aliyeniuliza ni nini, nami sikuwaambia waendelee. Jioni mgambo walimleta bibi. Alikuja kwa miguu, mbele yao, amebeba kigoda kichwani na furushi la nguo mkononi, rozari shingoni. Alikuwa mrefu na hakuinama. Walimfikisha mlangoni kwa mwanawe wakamwacha pale.

Msichana hakukosa shule hata siku moja baada ya hapo, lakini darasani hakusema tena. Nilipoita majina asubuhi alinyoosha mkono tu. Nilimwonyesha jembe, akatazama chini. Nilimwonyesha kikapu, machozi yakamtoka. Niliacha kumwuliza. Hatimaye mtoto aliyekaa naye aliniambia, wakati wengine wakitoka, "Mwalimu, anasema akitaja kitu kinaungua."

Siku hiyo nilikwenda kwao. Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda chake nje, anapepeta ulezi wa watu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Keti."

Nilikaa kwenye ukingo wa nyumba. Nilimweleza nilichoambiwa. Aliendelea kupepeta.

"Na kwangu hasemi," alisema. "Ananiletea maji, anaweka, anakwenda. Nikimshika mkono anauchomoa. Nimemwambia sina hasira naye. Ni mtoto, aliulizwa akajibu. Lakini anachokijua anakijua."

"Labda katibu alikuwa anajua tangu zamani," nilisema. "Watu wale wana masikio mengi. Kama alijua kabla, mtoto hana la kujilaumu. Nitamwuliza."

"Muulize," alisema bibi.

Nilimkuta katibu kwake, anaziba ufa wa ukuta kwa udongo, mikono imechafuka mpaka kwenye viwiko. Nilimwuliza moja kwa moja.

"Sikujua, Ndugu Mwalimu," alisema. "Niliambiwa amekwenda kwa binti yake Kasanga. Niliamini. Mtoto ndiye aliyeniambia."

"Ungeweza kunyamaza."

"Mbele ya darasa zima?" Aliosha mikono taratibu katika karai. "Wangekwenda nyumbani wakasema, katibu amesikia na hakufanya kitu. Wiki ijayo wangerudi watu wawili, kisha kumi. Mimi nami nina wa kuniuliza." Halafu akasema kwa sauti nyingine, "Sikuwaambia wachome. Niliwaambia wamlete."

Sikujua kama ni kweli. Mpaka leo sijui. Nilimwomba basi jambo moja, amwambie mtoto kwamba alijua tangu mwanzo.

Alikung'uta maji mikononi, na nilidhani amekubali.

"Nikisema hivyo," alisema, "baba yake atauliza ni nani aliyeniletea habari. Ataanza kuwatazama majirani zake mmoja mmoja. Hapa watu wamewekwa ukuta kwa ukuta na hawajazoeana. Unataka niwape hilo?"

Niliondoka bila kumuaga mkewe, aliyekuwa ameweka chai motoni kwa ajili yangu.

Niliporudi kwa bibi nilimwambia kila kitu, hata lile la majirani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka ungo chini.

"Ana akili huyo katibu," alisema. "Basi itakuwa moshi."

"Moshi gani, bibi?"

"Wa jiko langu. Moshi hauna jirani."

Alimwita mjukuu wake. Msichana alitoka ndani na kusimama mbali kidogo, mikono nyuma. Bibi alimwambia kwa Kifipa, polepole, na kwa Kifipa changu kichache nilimfuata: kwamba siku zile kuni zilikuwa mbichi, mvua imezilowesha, moshi wa jiko ukasimama juu ya kilima asubuhi mpaka jioni, na watu wa barabarani wakauona. Kwamba wangekuja tu. Alisema bila kupepesa macho, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani.

Mtoto alinitazama mimi.

"Mwalimu," alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka, "ni moshi?"

"Ni moshi," nilijibu.

"Katibu amesema hivyo?"

Bibi alichukua ungo akaanza kupepeta tena. Hakunisaidia. Nilijua nikichelewa kujibu nitakuwa nimejibu, na nikachelewa, si sana.

"Ndiyo," nilisema. "Amesema hivyo."

Aliendelea kunitazama kwa namna ile ya darasani, alipokuwa anapima kama nimeacha kitu. Kisha akachukua ndoo akaenda kuteka maji.

Baada ya siku kadhaa alianza kuitikia nilipoita majina. Alirudi kutaja vitu, halafu wanyama. Nilifurahi, na wenzake walifurahi, maana walikuwa wamechoka na maelezo yangu tu. Lakini hakuwageukia tena kuwaeleza. Alijibu nilichouliza na kukaa. Tulipofika kwenye sentensi ndefu alitunga zinazohusu kuku na mbuzi, zote sahihi, zote bila mtu ndani. Nilizisahihisha nikaweka alama ya vema, kwa kuwa hazikuwa na kosa.

Kijiji kiliendelea. Katibu aliendelea kuleta dagaa. Mara ya kwanza nilizirudisha. Mara ya pili mwalimu mkuu alinikanya, nikazipokea nikazipika, nikala. Bibi alipewa kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, udongo wa mchanga, naye akakusanya nyasi na kuzifukia kwa matuta ya mviringo kama alivyozoea, ingawa bwana shamba alitaka mistari. Nilipopita jioni nilimsalimia, tukaongea juu ya mvua. Mambo ya moshi hatukuyarudia.

Baridi ya mwaka uliofuata ilimkuta na kifua. Alikohoa wiki mbili tatu, kisha akafariki. Alikuwa amemwomba mwanawe amzike kule juu, kando ya mumewe. Baba alikwenda kwa katibu kuomba, akarudi, akachimba kaburi katika makaburi mapya ya kijiji, ambayo wakati huo yalikuwa bado machache na mengi ya watoto. Katekista aliongoza sala. Katibu alikuja, akavua kofia, akashika koleo na kufukia udongo mpaka jasho likamtoka, na hakuna aliyemzuia wala kumshukuru. Msichana alisimama karibu na mama yake wa kambo. Hakulia. Nilimshika bega, naye akaniachia nimshike.

Mwezi huohuo baba yake alimpeleka Kasanga akakae na shangazi. Aliniambia mwenyewe, alipokuja shuleni kuomba uhamisho: nyumba imejaa, mtoto hana furaha, huko ziwani kuna wa rika lake. Mwalimu mkuu alimwandikia. Niliomba nimuage, lakini lori la mahindi lilikuwa limeondoka alfajiri naye akiwa juu ya magunia.

Mimi nilikaa pale miaka mingine kabla ya kuhamishiwa Sumbawanga mjini. Kila mwaka nilifundisha majina, kwani yapo katika muhtasari na hayarukwi. Niliwauliza habari zake watu waliotoka Kasanga, wakaniambia amekua, anasoma, ni mkimya. Kama aliuamini ule moshi, au alituachia tu tuamini kwamba ameuamini, hakuna aliyeweza kuniambia.