Mji wa Sista Kando ya Bahari

Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa mwalimu wa darasa la sita Iringa mjini, na kulikuwa na mada moja ya jiografia iliyonishinda: miji ya pwani ya Bahari ya Mediterania. Mimi mzaliwa wa Kalenga. Maji mengi niliyowahi kuyaona ni ya mto Ruaha ukifurika. Bahari niliyoichora ubaoni ilifanana na kiatu kilichokanyagwa na lori.

Mwalimu mkuu akaniambia, "Nenda misheni kwa yule Sista wa cherehani. Huko ndiko kwao."

Nilimfahamu kwa mbali. Alikuwa Mtaliano mfupi aliyefundisha wasichana kushona. Alisalimia "Kamwene" kama bibi wa Kihehe, na hakuendelea na safari mpaka umeitikia. Nilipomweleza shida yangu aliweka mkasi chini.

"Mwalimu, nina miaka ishirini hapa. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwetu kukoje."

Ijumaa alikuja na bahasha ya postikadi. Ilikuwa Julai, na baridi ile unaijua kama umewahi kuishi Iringa. Watoto walibanana kwenye madawati, mikono kwapani.

"Fikirini mko juu ya lile jiwe la Gangilonga," alisema. "Mnatazama chini, lakini badala ya mji mnaona maji mpaka macho yanachoka."

Alisema mji wao ulianza kama kijiji cha wavuvi. Juu yake palikuwa na mnara wa mawe, na mlinzi alipoona maharamia wanakuja aligonga kengele, watu wakakimbilia mlimani na mbuzi wao. Karne nyingi baadaye ikaja reli, na reli ikaleta matajiri wa nchi za baridi waliotaka kupumzisha vifua vyao. Wakajengewa hoteli. Barabara ya ufukweni ikapandwa mitende, na jioni bendi ikawapigia muziki. Alituonyesha vichochoro vyenye nguo zilizoanikwa kutoka dirisha hadi dirisha, malimau makubwa kama ngumi mbili, na sikukuu ambayo sanamu ya mtakatifu wa wavuvi hutembezwa majini kwa mashua.

Msichana mmoja aliuliza, "Sista, hao wageni walifanya kazi gani kutwa?"

"Walilala mchangani."

"Hawalimi?"

"Hawalimi."

Darasa zima lilicheka, na Sista akacheka mpaka akafuta macho. Kisha yule msichana akauliza nyumba ya kwao Sista ni ipi. Sista aliweka kidole juu ya hoteli moja nyeupe.

"Ilikuwa hapa. Baba aliiuza mimi nikiwa nimeshaingia utawani. Wavuvi wote wa safu ile waliuza."

"Na mashua yake?"

"Aliipasua kuni."

Hakuna aliyecheka. Niliwaambia watoto wachore mji ule. Mmoja, aliyetoka Mufindi, aliipaka bahari yote rangi ya kijani. Nilitaka kumsahihisha, lakini Sista alinigusa mkono. "Mwache. Amechora kitu kikubwa kuliko vyote alivyoviona." Yalikuwa mashamba ya chai.

Tangu siku hiyo nikawa namtembelea kila Jumamosi. Alinifundisha kukata gauni, mimi nikamsahihishia Kiswahili chake. Mwaka uliofuata alipewa likizo ya miezi mitatu kwenda kwao, na niliona wivu hata nikashindwa kuuficha. Alirudi baada ya wiki tano. Nilimkuta bustanini akipalilia figiri.

"Sista, mbona mapema?"

"Mchanga wote ni miavuli, Mwalimu. Ukitaka kukaa unalipa. Nilipita mtaa mzima sikuona mtu wa kumsalimu. Nilisema kamwene, basi tu, kusikia sauti yangu."

Niliinama, tukapalilia pamoja mpaka mwisho wa tuta.

Mimi nilihamishiwa Mbeya kabla ya mwisho wa miaka ile ya sabini. Asubuhi ya safari alinisindikiza stendi, akaninunulia mahindi mawili ya kuchoma na kuniamuru niyale yangali ya moto. Basi lilipoanza kuteremka kilima nilimwona amesimama na akina mama wauza mahindi, wakimweleza jambo kwa Kihehe, naye anatikisa kichwa, anabisha.