Tanuri la Siku Moja

Tanuri la kuokea mikate liliingia kwetu saa moja asubuhi, likaondoka saa kumi jioni. Kwa masaa hayo tisa nilimharibia kijana maisha.

Naitwa Nestor. Nilikuwa mlezi kwenye nyumba ya kurekebisha vijana waliovunja sheria, huku Samar, Ufilipino. Vijana ishirini na wawili, vitanda tisa, na mshauri wa vijana ambaye tulimwona kwenye makaratasi tu.

Mmoja wao aliitwa Jerwin. Alikamatwa akiwa na miaka kumi na sita, kwenye wizi wa pikipiki uliomwacha mtu na kilema. Hakimu akamhurumia, akaisimamisha hukumu. Akifuzu kuoka mikate kabla ya kutimiza ishirini na moja, anakwenda zake. Asipofuzu, anakwenda gerezani na watu wazima.

Sasa utafuzu vipi kuoka bila tanuri?

Dogo alikuwa anakanda donge lile lile la unga, leo na kesho, mpaka likawa la kijivu.

Ndipo tukapata habari kwamba wakaguzi wanakuja kutoka Manila, kuangalia nyumba zipi zisaidiwe.

Huku kwetu mgeni haonyeshwi sufuria tupu. Hata mwenye njaa huazima sahani nzuri kwa jirani akakupikia tambi. Mkuu wetu, mama Leonila, akaniita pembeni.

"Nestor, wasije wakatuona ombaomba. Tutaaibika mkoa mzima."

Nikajitosa mzima mzima. Vitanda nikaazima shuleni. Mwalimu wa kwaya nikamvalisha koti jeupe, akawa mshauri. Mzee Ambo wa bekari akakubali kutuazima tanuri lake la akiba. Kumchukua Jerwin akajifunze kwake alikuwa amekataa zamani. Mwizi ni mwizi, alisema.

Vijana nikawafundisha jibu moja tu.

Mkaguzi alikuwa mama mpole. Alikaa karibu na Jerwin, akamuuliza anakosa nini hapa. Jerwin akanitazama. Alitaka kusema, nilimwona kabisa. Mimi nikatikisa kichwa, kidogo tu.

"Hatuna shida, mama," akasema. "Tuna kila kitu."

Wageni wakala mikate yake, ya kwanza kuiva tangu aanze kukanda. Wakasifia mpaka basi. Nikajiona bonge la mjanja.

Miezi miwili baadaye ikaja ngao ya nyumba bora, pamoja na barua. Msaada ni wa nyumba zenye upungufu, na yetu haina upungufu. Tanuri, vitanda na mshauri ambavyo tungepewa vikapelekwa wilaya ya jirani.

Jerwin akakaribia ishirini na moja bila kufuzu. Mahakamani, mwendesha mashtaka akainua ripoti ya wakaguzi. Tanuri lipo, akasema, mshauri yupo, basi kijana huyu ni mvivu tu.

Hakimu akauliza kama kuna mtu wa nyumba ile mwenye neno.

Mama Leonila akanikanyaga mguu. Nikabaki nimekaa. Naona aibu kuandika hili, lakini nilibaki nimekaa.

Jerwin akapewa miaka sita.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona. Amekonda, anakohoa, analala kwa zamu kwa sababu sakafu haiwatoshi. Nikamuuliza nimletee nini.

"Hatuna shida, kaka. Tuna kila kitu."

Nilitafuta kejeli usoni mwake, sikuiona. Alijibu kwa adabu, kama nilivyomfundisha.

Ngao bado inaning'inia ukutani. Mama Leonila huipangusa kila Jumatatu, na vijana bado wanalala chini.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi niliuficha uchi wa mtoto wa watu, na anayeteseka ni yeye.

Mgeni akija na msaada, ndugu yangu, mwonyeshe sufuria tupu.