Kipoyi Kilichokwenda Kwenye Muziki

Kwetu kipoyi hakiulizwi kinakwenda wapi. Ni machela ya miti miwili mirefu yenye kitanda cha kamba katikati. Kinatunzwa nyuma ya kanisa letu juu ya kilima, na kinashuka njia moja tu, ile ya kituo cha afya cha Nyabiondo. Ukikutana nacho unatua mzigo wako, uwe wa maharagwe au wa mihogo, unatia bega chini ya mti na kubeba mpaka mwingine akupokee. Hata kama umegombana na wenye mgonjwa, unabeba. Maswali yanangoja mpaka kipoyi kitue, maana kuuliza kunakula pumzi, na pumzi ni ya mgonjwa. Sheria hiyo haijaandikwa popote, na sijamwona mtu akiivunja.

Mimi nimebebwa juu yake mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa wakati wa mvua kubwa. Nilikuwa natoka sokoni nyuma ya pikipiki, tope likatuangusha, na mguu wangu wa kulia ukavunjika juu na chini ya goti. Siku ile sikuona sura ya mtu. Niliona mawingu tu, na kila walionibeba walipojikwaa niliwapa maneno ambayo mwimbaji wa kwaya hatakiwi kuyajua. Mpaka leo siwafahamu niwashukuru. Mara ya pili ndiyo hii ninayotaka kuisimulia.

Kituoni walinifunga plasta ngumu kutoka paja mpaka kisigino. Mguu ukawa gogo, haukunjiki, hauketi, na pikipiki yoyote ikawa haramu kwangu. Nikalala nyumbani kwa mama yangu wakati kilima kizima kinavuna maharagwe. Waliniletea ya kupukusa pale pale kitandani ili nisijione bure, na nikajiona bure vile vile. Sikuumbwa kwa kulala. Wageni walikuja kuusalimia mguu. Waliutazama, wakautikisia kichwa, wakauombea, halafu wakaaga, na wengine hawakukumbuka kunitazama usoni. Niliogopa. Niliogopa kwamba hata nikija kusimama, nitabaki kuwa yule mwenye mguu, na kwamba mtu niliyekuwa kabla ya lile tope hatarudi.

Waliokuja kwa ajili yangu mimi walikuwa rafiki zangu watatu, ambao nimeimba nao tangu utoto. Mmoja ni mpiga gitaa wa kwaya yetu. Mwingine ni dereva wa pikipiki, siye aliyeniangusha, ingawa nilimlaumu kwa niaba ya wenzake wote. Wa tatu ni mwanamke mwenye kununua samaki wakavu Shasha, ziwani, na kuja kuwauza huku vilimani, na ulimi wake una chumvi kuliko samaki wake. Jioni walikaa kwenye ukingo wa kitanda changu, na mpiga gitaa alifungua simu yake na kutupigia muziki wa vijana fulani wa Goma, wanaopiga roki, magitaa ya umeme yanayonguruma na ngoma zisizo na adabu. Mama yangu alisikiliza kidogo kutoka jikoni.

“Hii iko muziki ao mashini ya kusaga imekosa mafuta?” aliuliza.

Mimi niliupenda. Ulipiga zile kelele nilizokuwa nimezizuia kifuani tangu siku ya tope. Nilimwomba arudie, na arudie tena, mpaka betri ikaisha.

Kisha kiangazi kilipokolea, vumbi likawa jeupe njiani, zikaja habari kwamba vijana wale watapanda kuja Nyabiondo, watapiga kwenye uwanja wa mpira, Jumamosi, jua likizama. Lazima niseme kwamba kwetu, kwa miaka mingi, watu wakikusanyika usiku ni kwa kilio au ni kwa kukimbia vita. Kiangazi kile kulikuwa kumetulia, na kila mtu alitaka kuona usiku ukitumika kwa kazi nyingine.

“Mwende,” niliwaambia rafiki zangu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kununa. “Mutaniambia vile ilikuwa.”

“Wacha kujifanya mutakatifu,” muuza samaki alinijibu. “Utaenda na sisi.”

“Nitaenda na nini?”

“Na kipoyi.”

Mama yangu alitoka jikoni na mwiko mkononi. “Kipoyi iko ya wagonjwa na ya wafu! Munataka kuchezea kitu kama ile?”

“Mama, na huyu haiko mugonjwa?” muuza samaki alimjibu. “Angalia ule muguu.”

Mama aliutazama mguu, akaenda kuleta blanketi. Papa mmoja, ndivyo tunavyomwita baba mtu mzima, ndiye anayetunza kipoyi kule kanisani, naye aliuliza kinambeba nani. Rafiki zangu walipotaja jina langu alisikitika na kuwakabidhi. Hakuuliza kinakwenda wapi, na wao hawakukumbuka kumwambia. Kuanzia hapo kosa lilikwisha kushika njia pamoja nasi, ila hatukuliona.

Tuliondoka alasiri. Mpiga gitaa na dereva walishika mbele, vijana wawili wa kwaya nyuma, na muuza samaki alitembea pembeni akiwa amevaa kitenge chake cha sikukuu. Nililala chali nikitazama mbingu ya kiangazi, safi, nikacheka peke yangu. Nilikuwa natoka.

Hatujafika mbali tukakutana na mzee mmoja akirudi kutoka shambani. Hakusema neno. Alimpa muuza samaki jembe lake, akamsukuma dereva kwa bega na kushika mti. Nyuma yake walikuja vijana wenye mashati yaliyopigwa pasi, wakashika nao. Rafiki zangu walidhani wataeleza kwenye mapumziko ya kwanza. Lakini Jumamosi ile njia ilijaa watu wanaoshuka kwenye muziki, na kila aliyetukuta alimpokea mwingine, kwa hiyo mapumziko hayakuwepo. Wenye mgonjwa huachwa nyuma wapumue, ndiyo desturi. Rafiki zangu wakaachwa nyuma kwa heshima zote, na mimi nikakimbizwa.

Wanawake waliokuwa wakikimbia kando walianza kunong'ona. “Maskini, wanaenda kumukata muguu.” Mama mmoja aliweka mkono juu ya plasta yangu na kuniombea huku anatweta. Ningefanya nini? Nilifunga macho kwa haya.

“Amefunga macho!” mtu alilia, na wote wakaongeza mwendo.

Pale kwenye mikaratusi njia inagawanyika. Kulia ni uwanja wa mpira, kushoto ni kituo cha afya. Nilikwisha kusikia gitaa likijaribiwa, uzi mmoja mmoja, na moyo wangu ukaruka. Kisha nikahisi kipoyi kinapinda kushoto. Gitaa lililokuwa mbele yangu likawa ubavuni, halafu likawa nyuma ya kisogo changu, na linazidi kufifia. Niliinuka kwa viwiko.

“Papa, mutue!”

“Vumilia, mutoto wangu,” mzee alisema bila kugeuka. “Tumefika.”

“Papa, mi siendi ku hospitali!”

“Wote wanasemaka vile.”

“Papa, mi naenda kwa muziki!”

Walisimama. Walinishusha polepole mpaka chini, kama desturi inavyotaka. Nikawaona sasa, kwa mara ya kwanza. Mashati ya pasi yalikuwa yamelowa na kuchafuka mabegani. Hawa walikuwa wameuacha muziki wao ili wanifikishe mimi kwa daktari. Mzee alikuwa ameacha chakula chake cha jioni. Yule mama wa maombi bado alikuwa na machozi.

Nililia. Niliwaambia kila kitu, kwamba tangu mvua kubwa natazama paa, kwamba rafiki zangu hawakupata njia nyingine ya kunitoa, kwamba kama ni kukasirika wanikasirikie mimi. Na hasira yao sikuiogopa sana. Hofu yangu ilikuwa kubwa kuliko hapo. Niliona kwamba kuanzia siku ile mtu akikutana na kipoyi atasimama kwanza aulize, hiki cha leo ni cha ugonjwa au cha muziki? Na siku moja, wakati bado wanauliza, mgonjwa wa kweli atakata roho njiani. Niliona nimeiharibu sheria nzuri kuliko zote tulizo nazo, kwa ajili ya gitaa.

Mzee alijipangusa uso kwa kofia yake.

“Uko na maumivu?”

“Hapana, Papa.”

“Damu inatoka?”

“Hapana.”

“Hautakufa leo?”

“Hapana, Papa.”

Alikaa chini kwenye vumbi, akapumua. “Mi nabebaka watu mu hii njia tangu ningali kijana,” alisema, akiwaambia wote. “Nimebeba wenye kutapika. Nimebeba bamama wenye kuzaa. Nimebeba wengine walikwisha kufa na sisi tungali tunakimbia. Sijabebaka hata siku moja muntu mwenye anaenda kufurahi.”

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Akasimama na kujikung'uta vumbi.

“Mushike miti. Tugeuke.”

Kijana mmoja alimuuliza, “Papa, na wewe unaenda kwa muziki?”

“Mi niko na mugonjwa. Fasi mugonjwa anaenda, njo fasi mi naenda.”

Tulipofika uwanjani muziki ulikuwa umekwisha kuanza, na giza lilikuwa limeshuka nje ya taa za jenereta. Uwanja ulijaa mpaka kwenye migomba. Sikujua tungepitaje, ila kwetu hakuna umati unaozuia kipoyi. Watu walipogeuka na kukiona, waliachana pande mbili, na mzee akanipitisha moja kwa moja mpaka mbele kabisa, chini ya miguu ya wapigaji. Na wapigaji, ambao mmoja wao ni mzaliwa wa vilima vyetu, wakaacha kupiga. Magitaa yakanyamaza. Mwimbaji akasema kwenye kipaza sauti, “Mupishe njia, kuko mugonjwa,” na wanaume kofia zikawatoka kichwani. Uwanja mzima ulinyamaza kwa ajili yangu. Laiti ardhi ingepasuka wakati ule, ningeishukuru.

“Mupige!” nilisema, lakini sauti yangu haikuwafikia.

Mzee aliweka mikono mdomoni. “Anasema mupige! Njo kitu amekuja kusikia!”

Kicheko kilianza mbele, kikarudi nyuma mpaka kwenye migomba, na katikati ya kicheko mpiga ngoma akapiga. Sijui kueleza muziki. Najua tu kwamba ngoma iliingia kwenye plasta na kushuka ndani yake mpaka kwenye kidole gumba, na ule mguu ambao tangu mvua kubwa ulikuwa wa kuuma tu, ukatetemeka kwa raha. Rafiki zangu walitufikia wakitweta. Muuza samaki, jembe la mzee bado begani, alinitukana kwanza kwa hofu niliyomtia, kisha akaanza kucheza na jembe lile lile.

“Haoni kitu kule chini,” mzee alisema. “Mumunyanyue.”

Walininyanyua. Na sheria ikafanya kazi yake bila mtu kuitaja. Aliyechoka alipokewa, na aliyempokea akapokewa, wimbo baada ya wimbo. Sikugusa ardhi mpaka jenereta ilipozimwa. Nikiwa kule juu niliwatazama wote walionibeba, mmoja mmoja, na wengine walinitazama usoni na kucheka. Hakuna aliyeutazama mguu. Nilisema asante mpaka sauti ikakauka, kwa hawa, na kwa wale wa siku ya tope ambao pengine walikuwa humo humo.

Plasta ilitolewa. Nachechemea, na baridi ikija mguu unanikumbusha, lakini natembea na ninalima. Ile hofu yangu nyingine ilibaki. Kila nilipomwona mtu akitua mzigo kando ya njia, nilitazama kama atauliza.

Mvua zilizofuata, mzee yule aliugua kifua. Alipona, nisiwatie roho juu bure, na mpaka leo tunagombana naye juu ya mpaka wa shamba. Lakini asubuhi ile hatukujua kama atapona. Nilikuwa kwenye maharagwe yangu niliposikia nyayo za kipoyi. Nikakimbilia njiani. Mpiga gitaa na dereva walikuwa mbele, wamelowa. Wanaume wanne walikuwa wanapanda kutoka sokoni na magunia, vijana wa uwanja ule ule, waliocheka usiku ule ule. Walitua magunia kwenye tope na kutia mabega. Hawakuuliza neno.

Mguu wangu hauwezi kubeba. Nilitembea pembeni na kumshika mzee mkono, ulikuwa wa moto. Alifungua jicho moja, akanitambua.

“Mutoto wangu,” alisema kwa shida, “leo tunaenda fasi gani?”

“Kwa muziki, Papa.”

Alifikiri kidogo, midomo ikataka kucheka.

“Basi uwaambie wasianze bila mi.”

Nikaachia mkono wake, nikatangulia mteremkoni nikichechemea mbio, kwenda kuwaambia wauguzi kwamba anakuja.