Cheti cha Kutokuwa na Kazi

Jumanne, kwenye ofisi moja ya mtaa wa Kinama, kijana mwenye diploma aliomba cheti cha kutokuwa na kazi. Bila cheti hicho, nafasi chache za serikali, zilizokuwa zinafungwa mchana ule, zingempita.

"Lipa kwanza kodi ya cheti," karani akasema.

Kijana akatoa noti. Karani akazinusa.

"Hizi feza umetoa wapi?"

"Nimeuzisha ndagala, ile samaki kidogo-kidogo, asubui, patron."

"Kumbe uko na kazi!"

"Apana! Ile si kazi, ni njaa tu."

Karani akatia noti kwenye droo, kisha akarudisha muhuri kisandukuni bila kugonga cheti.

Tunaambiwa hazina ina pengo, sote tulizibe. Nakubali. Ila sijaelewa: asiye na kazi alipe kwa fedha ipi, na akilipa, anakuwa nani?

Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni, nikitafuta cheti hicho hicho. Nikaificha mfukoni kalamu ninayoandikia makala, isije nayo ikaitwa kazi.