Cherehani Chini ya Kitanda cha Wifi

Siku ya kumi na moja mume wa Fundi alikuwa bado kalala wodi ya mifupa, mguu umevutwa kwa kamba na uzito, akisubiri chuma cha kuunga paja. Alikuwa mwashi, jukwaa lilikatika akiwa ghorofa ya pili. Daktari hakuzunguka maneno: "Chuma kikipatikana leo, kesho tunamwingiza. Kikichelewa, mfupa utajiunga wenyewe, tena kombo."

Hospitali ilikuwa ya umma, lakini chuma kilikuwa cha kununua. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa ajili ya ushonaji wake, alipotajiwa bei alishika ukuta. Nesi mmoja akamvuta pembeni: upo msamaha kwa wasiojiweza, ila afisa ustawi wa jamii huja kwanza nyumbani kujionea.

"Akiikuta cherehani, umekwisha," alisema wifi yake, dada wa mgonjwa, waliyepakana naye ukuta. "Ataandika una mradi. Tuihamishie kwangu."

Wakaibeba wawili, wakaisukuma chini ya kitanda cha wifi. Wifi hakutosheka, akashika na godoro.

"Wifi, mimi nitalala wapi?"

"Ukilala pazuri, nani ataamini una shida?"

Fundi akacheka, akashika upande wa pili wa godoro.

Afisa alifika saa nne asubuhi, mama wa makamo, viatu vimejaa vumbi, faili kwapani. Akakaa kwenye kiti pekee cha nyumba ile na kuanza kuuliza: wanakula wangapi hapa, kodi inalipwaje, maji yanatoka wapi. Fundi alijibu kwa mkato. Mbona yeye anatoa neno moja, mwenzake anaandika mstari mzima?

"Na wewe, mama, kazi yako?"

"Sina kazi. Nipo tu nyumbani."

Afisa alipomaliza tu kuandika jibu hilo, sauti ya mama mmoja ikaita mlangoni. "Hodi! Fundi, sketi za wanangu tayari? Jumatatu shule zinafunguliwa!"

Wifi, aliyekuwa kasimama pembeni, akachomoka kama mshale. "Fundi yuko hospitali, ndugu yangu! Huna habari kaanguka?"

"Pole zake. Lakini yule wa kujenga kaanza lini kushona sketi?"

Afisa aliinua macho kwa Fundi, kalamu ikiwa bado juu ya karatasi.

"Nimekudanganya, mama," akasema Fundi. "Cherehani ipo, iko kwa wifi, chini ya kitanda. Tangu mzee aanguke sijaikalia. Asubuhi napeleka uji, mchana chakula, jioni namwosha. Sketi za huyu mama hata sijazikata."

Afisa akafuta alichoandika, akaandika upya. "Ungeniambia hivyo tangu mwanzo, ningeandika hivyo hivyo. Sasa faili lina mfuto, na kamati hawapendi mifuto. Nitawaeleza, lakini siwezi kukuahidi kitu."

Akaondoka. Wifi akaenda kulirudisha godoro.

Siku mbili zilizofuata Fundi aliishi roho juu. Kila simu ilipolia, aliikimbilia. Mumewe akiuliza, "Wamesemaje?" alimjibu, "Wanashughulikia," huku akimlisha haraka haraka asiulize tena. Kilichomtia uchungu zaidi ni wazo kwamba neno lake moja, "sina kazi," huenda ndilo litakalomlemaza mtu wa watu.

Siku ya tatu afisa alimwita ofisini. Kamati ilikuwa imesamehe kitanda, upasuaji na nusu ya bei ya chuma. Nusu iliyobaki ni ya Fundi kulipa. Hakujua alie au ashukuru. Akafanya yote mawili. Waashi waliofanya kazi na mumewe wakachanga kilichopatikana, wifi akauza redio yake bila kuambiwa, na mwenye sketi akalipa kabla hajashonewa.

Jumanne mgonjwa aliingizwa chumba cha upasuaji. Fundi alisimama nje saa tatu nzima, benchi lipo, asiweze kukaa. Daktari alipotoka, alivua barakoa taratibu mno.

"Chuma kimeingia vizuri. Atatembea. Ila tulichelewa kidogo. Mguu huo utakuwa mfupi kwa upana wa kidole."

Fundi aliitikia kwa kichwa mara nyingi, kama anayehesabu, kisha akauliza anaruhusiwa kumwona saa ngapi.