Maji ya Mvua Kwenye Betri

Mwezi wa kumi, Dodoma, wakati mvua ya mwisho ilinyesha mwezi wa nne, mtu anapata wapi chupa ya maji ya mvua? Nilijiuliza hivyo kando ya barabara ya Mvumi, enzi za Mwingereza. Wala msidhani mimi ni mtu wa mizimu. Mwaka ule nilikuwa nimetoka chuo kikuu kule Kampala, na mtu akinisimulia habari za wachawi nilimuuliza maswali mpaka akaondoka mwenyewe. Haya niliyaona kwa macho yangu, na yananiudhi mpaka leo.

Dada yangu Eliseba alikuwa na uchungu wa mimba ya kwanza tangu jana yake. Mkunga alisema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali ya misheni Mvumi kabla nguvu hazijamwishia. Idara niliyofanyia kazi ilikuwa na gari, nami nilimsihi mkubwa wetu, Mwingereza, tangu asubuhi hadi alasiri ndipo akatia sahihi. Tulipowasha, ile taa nyekundu ya dashibodi, ambayo huzimika injini ikishika, ikabaki inawaka. Nikarudi kumwambia. Hakuinua hata kichwa.

"Hiyo huwaka kila siku," alisema. "Gari linakwenda au haliendi?"

Lilikwenda. Jua lilipozama, dereva wetu Mzee Yohana akawasha taa za mbele, na hapo injini ikaanza kukohoa. Taa zikafifia zikawa kama makaa. Ukingoni mwa korongo moja kavu gari likazima, rejeta ikitoka mvuke.

"Betri imekwisha," alisema Mzee Yohana.

"Imekwishaje? Nani huiangalia?"

"Usinigombeze, mwanangu. Maji naweka kila wiki."

"Maji gani?"

Akanionyesha debe nyuma ya kiti. Maji ya kisima! Yale ya kwetu ya chumvi, ambayo hata sabuni haitoi povu. Pale karakana wote walifanya hivyo, kwa sababu maji ya betri yaliagizwa kutoka mbali na hakuna aliyejisumbua kuagiza. Nilimfokea mzee wa watu kama mtoto mdogo. Naona aibu nikikumbuka.

"Mkimaliza kugombana," Eliseba alisema kutoka nyuma, "mniambie nizalie hapa au niendelee kubana." Kisha akapiga ukelele ulionikata maini.

Mzee Yohana alikuwa amekwisha kuwasha kandili na kufungua vifuniko vya betri, debe mkononi, mkono wa mtu ulipomshika kiwiko. Mtu huyo alikuwa amepanda kutoka korongoni. Amevaa ovaroli, kichwa wazi.

"Shikamoo, baba," nilimwamkia.

Hakuitikia. Nani hapa kwetu haitikii shikamoo?

"Utaiua kabisa," alimwambia Mzee Yohana. "Hiyo chumvi ndiyo inayoila."

Mzee Yohana akaliachia debe likamwagika. Akakaa chini, pale pale, akimkodolea macho yule mtu.

"Wewe ni fundi?" nikamuuliza yule mtu.

"Wewe msomi, shika kandili."

Akabonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba, ukabonyea kama kamba ya kuanikia nguo. "Umelegea. Dinamo haizunguki sawasawa, betri haipati kitu. Taa nyekundu imewaambia tangu mjini. Hamjui kusoma?"

Niliungua kwa hasira, maana mimi ndiye niliyeisoma! Lakini alikuwa amekwisha kulegeza bolti ya dinamo, akaisukuma nje kwa kijiti cha mkambala, akakaza. Niaminini: wakati wote huo kiganja chake cha kushoto kilikuwa juu ya rejeta iliyochemka, ameiegemea kama mtu aegemeavyo meza. Halafu akatoa chupa, akajaza betri tundu kwa tundu, akafuta vichwa vyake, akakaza waya.

"Maji gani hayo?"

"Ya mvua."

"Mvua ya lini?"

Akafunga boneti, akaiweka chupa juu yake. Akamgeukia Mzee Yohana. "Inuka. Piga hendeli."

Mzee Yohana akaizungusha kwa mkono pale mbele, mara ya tatu injini ikashika. Taa nyekundu ikazimika. Nilipogeuka kumshukuru palikuwa na mchanga mweupe wa korongo tu, na chupa juu ya boneti, maji kidogo yamebaki ndani yake.

Mtoto alizaliwa kabla ya alfajiri, wa kike, na dada akapona. Mimi sikulala. Nilimimina yale maji kiganjani, nikasugua sabuni. Povu likajaa mikono yote miwili. Nilikaa nikilitazama, nikitafuta maelezo, na hasira ikinipanda kwa kuwa sikuyapata.

Mzee Yohana aliacha kazi wiki ile ile. Nilimfuata nyumbani mara nyingi. Siku moja tu alinijibu: "Niache, mwanangu. Nilifanya naye kazi." Akafunga mlango.

Tangu hapo kila asubuhi nafungua boneti mwenyewe, nabonyeza mkanda, natazama maji. Wananicheka. Na wacheke. Nanyi mnaonisoma, taa ile ikiwaka na mkubwa akawaambia si kitu, msiondoke. Mwambieni aende yeye.

Baada ya Uhuru nilikabidhiwa mafaili ya idara ile ile. Katika moja niliona habari za fundi wetu ambaye, kabla mimi sijaajiriwa, lori lake lilizimika usiku ndani ya korongo lile, betri ikiwa imekufa, maji ya mvua yakashuka kwa kasi kutoka milimani na kumchukua. Wameandika: uzembe wa marehemu, mjane asilipwe. Chini yake zimebanwa barua tatu za mkono wa fundi huyo, akiomba pipa moja la kukingia maji ya mvua kwa ajili ya betri, na juu ya kila barua mtu ameandika kwa wino mwekundu: hapana.